Kokoto Moja Pungufu

Nianze na namba yangu, maana katika mji ule hakuna aliyekuuliza jina kabla ya namba, na mimi sioni sababu ya kubadilisha utaratibu leo. Mimi ni milioni moja, elfu arobaini, mia tatu tisini na tisa. Jina langu ni Siwatu, lakini hilo nilipewa na Bi Mosi ili apate neno la kuniitia nikichelewa kula. Namba sikupewa na mtu. Nilikuwa nayo kabla sijawa na miguu, na nadhani nitakuwa nayo hata miguu ikishachoka. Ndiyo maana ukiniuliza umri wangu nakasirika kidogo. Kuna asubuhi naamka nikiwa msichana, na kuna asubuhi nyingine, ambayo pengine iliitangulia hiyo, naamka na mvi kichwa kizima, na katika zote mbili hakuna hata kokoto moja iliyoongezeka wala kupungua.

Habari ya kokoto niieleze sasa hivi tusije tukasumbuana huko mbele. Mtu akisimama katikati ya Uwanja na kuitamka namba yake kwa sauti, kivuli chake humwagika chini kikawa kokoto nyeusi, ndogo, zinazolingana, na idadi yake ni ile ile aliyoitamka. Hatukuona ajabu yoyote. Kisha wapangaji, ambao ndiyo kazi yao, huzipanga kokoto zile katika mistari. Wakijaribu mistari miwili ikalingana, wewe ni wa Nyumba ya Mbili. Mitatu ikilingana, wewe ni wa Nyumba ya Tatu. Mtu aweza kuwa wa nyumba nyingi kwa pamoja, na mtu wa namna hiyo hakosi mwaliko. Shughuli ikiisha, kokoto humrudia mwenyewe zikawa kivuli tena, naye akaenda zake kula na watu wake. Kula ndiko kulikokuwa jambo lenyewe. Watu wasio na nyumba ya pamoja hawakula sinia moja.

Nyumba zilikuwa mia moja na sitini na nane. Ya kwanza Mbili, ya mwisho Mia Tisa Tisini na Saba, na baada ya hapo ukuta. Kila nyumba ilianzishwa na mmoja wa wale wa kale ambao kokoto zao zilikataa kila mpango, zikakubali kulala katika mstari mmoja tu, mrefu. Shuleni tuliziita namba tasa, zisizogawika ila kwa zenyewe na kwa moja. Kwa kuwa wale walitangulia, upweke wao uliitwa uasisi, wakajengewa milango. Waliofuata, wale wa kupita elfu moja, walikuwa na tabia ile ile, hawakuwapungukia waasisi kwa lolote. Lakini wao waliitwa wapweke, wakapelekwa ng'ambo ya bonde, kila mmoja kwenye kiwanja chake, na vivuli vyao vikabaki mjini kutandikia barabara. Nimelifikiria sana jambo hili na sijapata tofauti nyingine kati yao zaidi ya kuchelewa.

Anayetaka kuuelewa utawala wa mji ule aanze na Mbili. Ni mdogo kuliko wote, ukimwacha Moja ambaye hahesabiwi, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Nusu ya watu wamo ndani yake, au niseme yeye yumo ndani ya nusu ya watu, na hata leo sijui kauli ipi ndiyo sahihi. Theluthi wamo kwa Tatu. Kadiri nyumba inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokosa watu, hadi unafika kwa Mia Tisa Tisini na Saba: mlango mzuri, sinia safi, wageni wawili watatu. Nilikua nikiamini kwamba mkubwa ndiye mwenye nguvu. Nilipopata akili niliona kwamba mwenye nguvu ni yule aliyeingia ndani ya wengi bila wao kumhisi, na tangu hapo siwaamini watu wadogo wapole.

Bi Mosi ndiye aliyenilea. Yeye ni Moja. Yumo ndani ya kila mtu na hana nyumba, kwa sababu aliye wa kila mtu hamtofautishi mtu na mwenzake. Alikula sinia lolote alilotaka, hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza, na kivuli chake kilikuwa kokoto moja tu, ambayo watoto waliichezea. Aliniokota langoni, au mimi ndiye niliyemkuta pale nikamfuata. Tumebishana juu ya hilo mpaka tumechoka. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini nilimwonea wivu mtoto yeyote aliyeweza kunyoosha kidole na kusema, wale pale ni watu wangu. Hilo ndilo nililolitaka katika maisha yangu yote, na sikutaka lingine: kujua kama nina watu au sina. Bi Mosi hakuweza kunijibu. Alikuwa wangu kama alivyokuwa wa kila mpita njia.

Mkuu wa mji, wakati huo na katika nyakati nyingine nyingi, alikuwa Mheshimiwa Ngwali, Elfu Moja na Ishirini. Alipita elfu, lakini ukuta haukumhusu, maana alikuwa wa Mbili, wa Tatu, wa Tano na wa Kumi na Saba, na kokoto zake zilikubali mistari ya idadi ishirini na nne mbalimbali. Mtu wa watu hasa. Alicheka na kila mtu na akasahau majina ya wote kabla hajafika kona. Sasa, ilikuwa desturi kwamba mkuu akifika kileleni ajizidishe: atandikiwe ua wa mraba, mistari elfu moja na ishirini, kila mstari kokoto elfu moja na ishirini, naye asimame katikati, akiwa mara mwenyewe kwa mwenyewe. Kokoto za kutandikia zilitoka kwenye vivuli vya watu waliovukishwa bonde. Haukupita muda nikaitwa Uwanjani.

"Wanataka kukupanga," Bi Mosi aliniambia huku akimenya muhogo.

"Kwa nini sasa? Miaka yote hii hawajanikumbuka."

"Ngwali anataka mraba. Mraba unataka kokoto. Kokoto zinataka mpweke. Haya, niulize tena kwa nini."

"Huenda nikapangika, Bi Mosi."

"Huenda," alisema, na akaendelea na muhogo wake bila kunitazama.

Nikamuuliza huko ng'ambo kukoje, maana yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kwenda na kurudi.

"Pakavu. Viwanja vimefuatana kwa namba. Vya walio mjini ni nyasi tupu, vya wapweke vina vibanda. Hawaamkiani wale. Sheria inasema hawana cha pamoja, nao wameiamini kuliko walioitunga. Wapo wawili nawapelekea chumvi: Chande, Elfu Moja na Kumi na Tisa, na Mwanasiti, Elfu Moja na Ishirini na Moja. Katikati yao kuna kiwanja kimoja tu, cha huyu huyu Ngwali, hajawahi kukitia mguu. Nikifika kwa Chande ananiuliza, yule mama hajambo? Nikifika kwa Mwanasiti ananiuliza, yule bwana mbona amekonda? Nikawaambia si muulizane wenyewe! Unajua wananijibuje?"

"Wanakujibuje?"

"'Tutaongea nini, Bi Mosi? Hatuna cha pamoja.' Wote wawili, neno kwa neno." Akatupa ganda la muhogo. "Wazima wale, lakini wananichosha."

Nilicheka. Sikujua nacheka nini.

Uwanjani niliitamka namba yangu na kivuli kikamwagika. Sijawahi kuzoea hali ile. Unabaki umesimama juani, mwepesi, huku kila kitu chako kiko chini mbele ya macho ya watu. Mpangaji mkuu alikuwa Fundi Shumbana, mtu mrefu, mpole, mwenye magoti yaliyoota sugu kwa kupiga magoti juu ya nafsi za watu. Hakuwa na ubaya wowote. Alinitazama akaniambia, "Tulia mama, hatuumizi," na kwa upande wake alisema kweli.

Wakaanza.

Mbili. Imepungua moja. Nasikia sauti ya Shumbana ikisema imepungua moja, na sauti nyingine inarudia nyuma ya umati.

Tatu. Imepungua moja. Nikadhani ni mwangwi.

Tano. Imepungua moja.

Saba, zimebaki tatu. Hapo nilishusha pumzi, si kwa sababu ni habari njema, bali kwa sababu ilikuwa habari tofauti. Kumi na Moja, zimebaki nane. Kumi na Tatu, zimebaki tisa.

Kumi na Saba. Imepungua moja.

Nilisimama pale na jua halisogei. Au lilisogea, likarudi, likasogea tena. Katika mji ule jana na kesho zilikuwa majirani na zilitembeleana bila hodi. Nilijiona nimekaa kwenye sinia la Kumi na Saba nikila wali, kisha nikajiona sipo na wali upo. Mimi ni nani kama sigawiki? Mtu ambaye hakuna anayeweza kumshika kwa upande wowote ni mzima kweli, au ni kitu kilichofungwa tu? Wanasema mpweke ni mkamilifu. Waliosema hivyo wote wana pa kula jioni. Mia Tano na Tatu, zimebaki. Mia Saba na Moja, zimebaki. Nilianza kuipenda kila nyumba kabla haijajaribiwa na kuichukia ikishapita. Niliogopa, na sioni haya kusema kwamba niliogopa sana.

Mia Tisa Tisini na Saba. Zimebaki mia tano ishirini na nane.

Shumbana akainuka, akapangusa magoti. Alisema maneno ya siku zote: asiyeingia nyumba yoyote ya chini ya elfu hana nyumba. Hakuyasema kwa ukali. Watu wakaanza kutawanyika, maana chakula kilikuwa tayari, na mimi nikawa mpweke.

Mpweke hana ruhusa ya kubeba kivuli. Waliniambia nikitaka ninaweza kukaa nitazame, ni heshima wanayompa mtu kabla hajavuka. Nikakaa. Wakanisukuma kwa mafagio kutoka Uwanjani hadi ua wa Ngwali, wakaanza kunitandika. Ajabu ni kwamba sikulia. Nilikuwa nahesabu mistari nao, na nilikereka walipoupinda mmoja. Mheshimiwa Ngwali alikuwa amevaa nguo mpya, amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, anapokea pongezi za kila nyumba. Bi Mosi alikuwa amechuchumaa karibu yangu.

Walipofika mwisho palitokea fujo ndogo. Mstari wa mwisho, kwenye pembe kabisa, mahali pa kokoto moja palikuwa wazi. Vumbi jekundu, ukubwa wa ukucha.

"Nani kachukua?" Ngwali aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu.

"Hakuna aliyechukua, Mheshimiwa," Shumbana alijibu. "Huyu mama ndivyo alivyo. Mraba wako ni milioni moja, elfu arobaini na mia nne. Yeye amepungua moja."

Imepungua moja. Nililisikia neno lile kwa mara ya tano, na safari hii halikupita. Mbili, Tatu, Tano, Kumi na Saba: zile nne zilizonikosa kwa kokoto moja ndizo nyumba za Ngwali zenyewe, hakuna iliyozidi wala iliyosahaulika. Hazikunikosa kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa mraba wake uliokatwa pembe, na kila mahali alipoingia yeye mimi nilibakiza pengo lile lile.

Nilisimama nikaenda kwenye ua. Kuna mtu alisema mpweke hakanyagi pale, lakini pale chini palikuwa mimi, nami nikaona nina haki ya kujikanyaga mwenyewe. Niliutazama ule mstari wa mwisho wenye kasoro. Mistari mingine yote ilikuwa na kokoto elfu moja na ishirini. Huu ulikuwa na elfu moja na kumi na tisa. Na mistari iliyokuwa juu yake, mizima, ilikuwa mingapi? Elfu moja na kumi na tisa. Nikahesabu tena kichwani polepole, maana sikujiamini.

"Fundi Shumbana," nikamwita. "Naomba uung'oe mstari huu wa mwisho."

"Kwa nini, mama?"

"Uung'oe, uusimamishe ubavuni. Kila mstari uupe kokoto moja."

Shumbana alinitazama, kisha akatazama chini, na nikaona macho yake yakitembea juu ya ua kutoka pembe hadi pembe. Alielewa kabla hajaanza. Hakumwomba Ngwali ruhusa. Alipiga magoti, na wenzake wakapiga magoti, wakauhamisha mstari ule kokoto moja moja, kila mstari ukapokea ya kwake, na walipomaliza hakukuwa na pengo wala ziada. Mkeka mzima, ulionyooka pande zote.

"Mistari elfu moja na kumi na tisa," Shumbana alisema. Alienda upande wa pili, akachukua muda. "Kila mstari, elfu moja na ishirini na moja. Huyu si mpweke. Amegawika."

Watu waliokuwa wameanza kula waliacha. Ngwali alishuka kwenye kiti. Alikuwa mtu wa kupenda kuelewa mambo, nampa haki yake.

"Sheria ilikosea?"

"Sheria haikukosea, Mheshimiwa. Mkeka wenye pande zote mbili za kupita elfu, lazima kokoto zake zipite milioni. Wazee walipoweka ukuta kwenye elfu hakukuwa na mtu wa kupita milioni mjini humu, kwa hiyo kujaribu hadi elfu kulitosha. Sisi tukakua. Ukuta tukauacha pale pale." "Wapo wengine niliowapanga, wa kupita milioni. Sikuwahi kuwajaribu kwa mistari ya kupita elfu." Akayatazama magoti yake, na nilimhurumia, ingawa siku hiyo sikuwa na huruma nyingi za kugawa.

Ngwali alifikiri. Kisha akafanya jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa la ukarimu kabisa, na ndiyo maana bado linanisumbua. Alisema nyumba hizo mbili hazina milango mjini, kwa hiyo kugawika kwangu hakunisaidii kitu. Sina pa kula. Lakini kuna njia. Kokoto moja tu. Nikiongezwa moja nitakuwa mraba wake timamu. Nitakuwa wa Mbili, wa Tatu, wa Tano, wa Kumi na Saba, kila mmoja mara mbili na Mbili mara nne. Hakuna mtu mjini atakayekuwa na masinia mengi kuliko mimi. Naye atapata ua wake. Sote tutakuwa tumefaidika.

"Kokoto yenyewe itoke wapi?" mtu mmoja aliuliza, maana akitoa yeyote namba yake inaharibika.

Bi Mosi alisimama. Magoti yalilia. Alisimama juani, akajitamka, na kokoto yake ile moja ikadondoka mbele ya miguu yake. Akaiokota na kunishikisha mkononi.

"Chukua, mwanangu. Mimi haijawahi kunifaa kwa lolote."

"Bi Mosi, wewe utabaki bila kivuli."

"Nani atajua? Hawanihesabu." Aliukunja mkono wangu juu ya kokoto. "Utakuwa na watu. Si ndiyo ulichokuwa unakililia tangu uko hivi? Sasa hao hapo, watu nusu ya mji. Kula ushibe."

Ilikuwa ndogo na ya moto kidogo. Nilitaka kuichukua. Nisingependa mtu adhani nilikuwa shujaa. Nilitaka kuichukua na mate yalikuwa yamenijaa mdomoni kwa harufu ya wali. Lakini nilikuwa nimesoma shule ile ile waliyosoma wao, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba namba na jirani yake anayemfuata hawana nyumba hata moja ya pamoja. Kinachomgawa huyu hakimgawi yule. Ukiongeza kokoto moja huongezi nyumba juu ya nyumba ulizonazo. Unafuta zote na kupewa nyingine. Elfu Moja na Kumi na Tisa angeondoka ndani yangu. Elfu Moja na Ishirini na Moja angeondoka. Wangeondoka bila kujua kwamba waliwahi kuwemo, wakiwa wamekaa kila mmoja na kibanda chake, na mimi ningekula sinia la Mbili nikiwa mtu mwingine anayeitwa Siwatu.

Nililia hapo. Nilimrudishia Bi Mosi kokoto yake na nikalia.

"Ni Chande na Mwanasiti," nilimwambia. "Wale unaowapelekea chumvi."

Bi Mosi aliidondosha kokoto yake miguuni, ikawa kivuli chake tena.

Ngwali alisema haelewi kwa nini mtu akatae nyumba nne za mjini kwa ajili ya wapweke wawili asiowajua. Nilimwambia sijui kama naelewa mimi mwenyewe. Nikamwambia nina ombi moja: kiwanja chake cha ng'ambo.

"Nina kiwanja ng'ambo?"

"Kila namba ina kiwanja, Mheshimiwa. Chako kiko kati ya Elfu Moja na Kumi na Tisa na Elfu Moja na Ishirini na Moja."

"Sikujua kama kuna mtu hapo jirani," alisema, na nadhani ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema. Akapunga mkono. "Chukua."

Kwa kuwa sikuwa mpweke hawakuweza kuninyang'anya kivuli, na kwa kuwa nyumba zangu hazikuwa na mlango sikuweza kubaki. Kokoto zikaniinukia, nikazihisi zikiingia kwa miguu kama maji ya baridi, na ua wa Ngwali ukabaki udongo mtupu. Shumbana alikuwa bado amepiga magoti pale pale. Nilipopita aliniuliza kama nitawaona wengine huko. Nilimwambia aje awaone mwenyewe, alete na mafagio.

Bonde si refu. Nililivuka nikiwa na mvi na nikatokea upande wa pili msichana, au kinyume chake. Bi Mosi alikuwa mbele yangu na hakugeuka kuangalia. Viwanja vilifuatana kwa namba kama alivyosema. Nyasi, nyasi, kibanda. Watu waliokaa nje ya vibanda walitutazama tukipita, hawakuamkia, na hapakuwa na kivuli chini yao hata jua lilipowapiga ubavuni. Nilitaka kumwamkia kila mmoja. Sikuweza, nilikuwa naitunza sauti yangu kwa ajili ya namba.

"Ndio hapa," Bi Mosi alisema. "Mimi siingii. Nikiingia mimi watasema ni Moja tu amekuja na chumvi."

Kiwanja cha Ngwali kilikuwa nyasi hadi magotini. Kushoto, mwanamume amekaa kwenye kigoda, anasuka ukili, na ukili wenyewe ulikuwa mrefu kupita kiasi, umezunguka kibanda mara nyingi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumshonea mkeka. Kulia, mwanamke anachambua mchele ambao ungemtosha mtu mmoja kwa mlo mmoja. Walikuwa wamekaa wakielekeana. Hawakuwa wazee kama nilivyodhani, au walikuwa wazee kwa namna ambayo mimi pia nitakuwa. Nilitafuta sura yangu kwa yule bwana nikakosa, nikaitafuta kwa yule mama nikakosa, na nikaogopa kwamba nimejidanganya. Kisha nikakumbuka kuwa namba haigawiki kwa sura.

Nilisimama katikati ya nyasi nikaitamka namba yangu. Kivuli kilimwagika. Hapakuwa na mpangaji, lakini kokoto zilikuwa zimeshajifunza pa kukaa, zikajipanga zenyewe kati ya nyasi, mistari elfu moja na kumi na tisa, kila mstari elfu moja na ishirini na moja, kuanzia kizingiti cha yule hadi kizingiti cha huyu. Mwanamume aliacha kusuka. Niliona midomo yake ikianza kuhesabu mistari, na mikono ya mwanamke imesimama juu ya ungo, naye anahesabu kwa upande wake. Niliwaacha wahesabu. Sikujua nimwite yupi kwanza, baba au mama, wala kama nina haki ya kutumia neno mojawapo.

Kwa hiyo nikabisha hodi tu, kwa wote.

"Karibu," waliitika kwa pamoja.

Kisha wakaacha kunitazama mimi, kila mmoja akageuza uso kutafuta ile sauti nyingine imetoka wapi.